Kusikiliza gesi ya Vela kwa honi ya bati, Mtwara

Vela ni masalia ya nyota iliyolipuka miaka inayokadiriwa kuwa 11,000 iliyopita. London haichomozi kabisa. Mtwara, nyuzi 10 kusini mwa ikweta, inapita upande wa kusini kwenye kimo cha nyuzi 55, pazuri mno.

Tuondoe tamaa mapema: honi ya bati (antena ya faneli iliyofungwa kwenye bomba) haitakuonyesha masalia yenyewe. Mng'ao wao wote wa redio unaongeza kama sehemu moja ya kumi ya kelvini (nguvu ya redio hupimwa kama joto) kwenye kipokezi chako, na joto la mchana peke yake linakiyumbisha zaidi ya hapo. Kinachosikika vizuri ni hidrojeni iliyotanda upande ule, kwenye MHz 1420.4. Humo ndimo mlipuko ulimotokea.

Nunua shiti moja ya bati bapa, futi 8 kwa 4, si la migongo. Mpelekee fundi bati, yule wa ndoo na majiko. Bomba ni kipande cha sm 48.6 kwa 30, kikunjwe kipate kipenyo cha ndani cha sm 15. Sentimita moja na nusu ni ya mshono. Kipenyo hiki usibishane nacho. Chini ya sm 12.4 wimbi halipiti, na likizidi sm 16 linapita kwa namna mbili kwa pamoja na kuvurugika.

Faneli inachorwa kwa msumari na kamba: toka nukta moja piga tao la sm 80 na jingine la sm 20, kata pembe ya nyuzi 135, acha sm 1.5 za mshono. Ikikunjwa, mdomo unakuwa sm 60 na shingo sm 15, inaingia sawasawa kwenye bomba. Fundi atakwambia ribeti nne zinatosha. Hazitoshi. Weka ribeti kila sm 5 kisha ziba mshono wote kwa risasi ya kulehemu, maana kila ufa unaingiza joto la ardhi, ambalo kipokezi hulisikia kama kelele.

Ziba nyuma ya bomba kwa bati. Toka ukuta huo pima sm 9.3, toboa, funga konekta ya SMA (kiungio kidogo cha kebo ya antena), uchomelee waya wa shaba wa nyumba usimame ndani sm 5.2. Kata sm 5.4 kwanza, upunguze milimita moja moja.

Kikuza mawimbi chenye chujio la 1420 kikae palepale kwenye konekta. Ukitanguliza waya mrefu, unachopoteza hapo hakirudi. Kebo ifuate baada yake, hadi kwenye RTL-SDR, kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta.

Jaribu kabla ya kusubiri usiku, kwa amri zilizo hapa chini: elekeza juu, kisha chini ardhini. Ardhi ikizidi anga kwa desibeli 5, honi ni nzima. Chini ya 3, angalia mshono, kisha urefu wa waya, kisha konekta, kwani chumvi ya baharini huku huigeuza kijani upesi. Paka grisi na uzungushie tepu. Mkorosho au mnazi mbele ya mdomo nao una joto kama ardhi.

Mwisho wa Januari Vela hufika juu karibu saa 6:30 usiku. Mwisho wa Machi, saa 2:30. Ni msimu wa mvua, lakini mawingu hayazuii kitu. Maji ndani ya bomba ndiyo adui: funika mdomo kwa nailoni nyembamba, toboa tundu la mm 3 sehemu ya chini kabisa.

Elekeza honi Vela, uandike kwenye kompyuta (amri ya kwanza hupeleka umeme kwenye kikuza kupitia kebo, ya pili hurekodi dakika 10):

rtl_biast -b 1
rtl_power -f 1419M:1421M:5k -g 40 -i 10 -e 10m vela.csv

Katikati tumeweka 1420.0 makusudi, kwa kuwa kipokezi huota sindano ya uongo pale katikati. Rudia dakika 10 ukielekeza ardhini, usiguse -g (kiwango cha ukuzaji). Namba ziko kwa desibeli, kwa hiyo toa tu za ardhi kwenye za Vela. Kinachobaki ni kilima karibu na 1420.4.

Kila kHz 4.74 ni kasi ya kilomita 1 kwa sekunde. Masafa yakishuka, gesi inakwenda mbali nasi. Kabla ya kulinganisha ondoa mwendo wa dunia kuzunguka jua, unaofika km 30 kwa sekunde, na wa jua lenyewe. Astropy, maktaba ya Python ya unajimu, inasaidia.

Honi inaona nyuzi kama 25 kwa mpigo, Vela ni nyuzi 8 tu. Kwa undani chukua data huria ya HI4PI ya 2016, ramani ya hidrojeni ya anga lote, iliyounganisha dishi la Effelsberg la mita 100 na la Parkes la mita 64. Usitazame jumla ya hidrojeni, kwani gesi yote ya mbele na ya nyuma imelundikana humo. Fungua kipande cha kasi (picha ya gesi yenye kasi moja) kimoja kimoja. Ganda linalopanuka hujionyesha kama pete: pana kwenye kasi ya katikati, ikisinyaa kadiri unavyokwenda pembeni. Pete inayobaki na ukubwa uleule kwenye vipande vyote, itilie shaka.