Dai la Ulemavu Likikataliwa, Anza na Barua

Idara ya Maveterani ya Marekani ilipokataa dai langu la goti lililoumia jeshini, niliitupia barua yao kwenye droo kwa hasira, ikalala humo miezi minne. Usiige. Marekani inampa mwanajeshi wa zamani mwaka 1 wa kupinga uamuzi, tangu tarehe ya barua hiyo, nao unahesabika hata ukiwa umenuna.

Soma walichosema kimekosekana. Kwa kawaida hutafuta mambo 3: maradhi uliyonayo sasa, tukio la jeshini, na maelezo ya kitabibu yanayounganisha hayo mawili. Mimi nilikosa hilo la tatu. Eksirei ilikuwepo, karatasi za zahanati ya kambi zilikuwepo, ila hakuna daktari aliyeandika kwamba goti limetokana na kuanguka kule. Nikajaza fomu 20-0995, dai la nyongeza, ambalo lazima lije na ushahidi mpya unaohusika.

Kama huna kipya, lakini unaona walisoma vibaya, omba mkaguzi wa ngazi ya juu kwa fomu 20-0996. Huyo hapokei karatasi mpya hata umbembeleze. Kwenda kwa jaji wa Bodi ya Rufaa za Maveterani ni fomu 10182, jiandae kungoja.

Sasa daktari. "Huenda" peke yake ni neno bovu. Aseme uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, na aeleze sababu, maana ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, sheria inakupa wewe faida ya shaka. Bodi nayo ikikataa, mahakama ya rufaa za maveterani inakungoja siku 120 tu.