Kabla ya Kupima Kundi Lako la Damu Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia

Kabla ya kununua kadi ya kupimia kundi la damu, fungua kwanza bahasha unamohifadhi nyaraka zako za hospitali. Mama aliyewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito huenda akakuta kundi lake limekwisha kuandikwa kwenye kadi yake, na aliyewahi kuchangia damu kupitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama nchini Tanzania anaweza kulikuta katika kadi ya mchangiaji. Jibu la maabara lina uzito kuliko lile utakalojisomea mwenyewe mezani, na mtu mwenye afya njema ambaye hana nyaraka hizo anaweza kulipata kwa kuchangia damu, bila malipo, huku akiwa amemfaa mgonjwa asiyemjua.

Ukiamua kupima nyumbani, elewa kwanza kifaa chenyewe. Kadi za aina ya Eldon, zilizoanzia Denmark, zina miduara minne. Mitatu imepakwa kingamwili zilizokaushwa, ambazo hushikamana na alama za A, B na D juu ya chembe nyekundu za damu, na wa nne hauna kingamwili hizo, kwani kazi yake ni kuhakiki kipimo. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi, na uhakikishe kwamba pakiti haijafunguka wala haikuachwa juani au kwenye unyevu, jambo ambalo wakazi wa miji ya pwani wanapaswa kulichunga zaidi, kwa kuwa kingamwili zilizoharibika zinaweza kukuonyesha kundi lisilo lako.

Soma maelekezo yote kabla ya kujichoma, kwa sababu damu ikishatoka hakuna nafasi ya kurudi kusoma. Nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu ili damu ifike vidoleni, safisha kidole kwa spiriti na ukiache kikauke kabisa, kisha choma pembeni mwa ncha ya kidole cha kati au cha pete, ambako maumivu ni kidogo. Usikikamue kwa nguvu, maana majimaji ya mwilini yatachanganyika na damu. Kila mduara uwe na kijiti chake cha kukorogea. Kijiti kimoja kikigusa miduara miwili, kipimo kimeharibika.

Kusoma jibu ndiko kunakowapotosha wengi. Panapotokea mshikamano wa chembe na kingamwili, utaona vijipunje vyekundu vimejitenga kama maziwa yaliyokatika; pasipotokea, rangi hubaki laini na sawia. Damu inayoanza kukauka au kuganda yenyewe nayo huonekana na madonge, kwa hiyo zingatia muda uliotajwa katika maelekezo na usome mahali penye mwanga wa kutosha. Mduara wa uhakiki ukionyesha vijipunje, jibu lote ni batili, hata kama miduara mingine inaonekana wazi.

Sindano ya kuchomea ni ya mtu mmoja na mara moja tu, hata baina ya mume na mke, kwa sababu virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B na C huambukizwa kwa damu. Ikishatumika, itie katika chombo kigumu chenye kifuniko.

Wapo wasiopaswa kutegemea kadi hii hata kidogo: mtoto mchanga, mtu aliyeongezewa damu karibuni, na mjamzito. Mama mwenye kundi hasi, yaani asiye na alama ya D, anayebeba mtoto mwenye kundi chanya, yaani aliye nayo, huenda akahitaji sindano ya Anti-D, inayozuia mwili wake usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto, na ambayo kwa kawaida hutolewa katika wiki ya 28 ya ujauzito na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Uamuzi huo hauwezi kuachiwa kadi ya nyumbani.

Naomba pia familia zinazopanga kupima watu wote kwa pamoja zitafakari kwanza. Ni kweli kwamba wazazi wawili wa kundi O, lisilo na alama ya A wala B, kwa kawaida huzaa watoto wa kundi O, lakini kadi iliyosomwa vibaya inaweza kumtia mama katika shutuma asiyostahili, na upo pia urithi adimu, ulioelezwa na madaktari wa Bombay (sasa Mumbai), India, mwaka 1952, ambao humfanya mtu aonekane O ilhali amebeba A au B. Asihukumiwe mtu kwa kipimo hiki.

Hospitali haitakuongezea damu kwa kutegemea neno lako. Itachukua sampuli, ipime kundi upya na kuilinganisha na damu ya mchangiaji. Kwa sababu hiyo, unapoliandika jibu lako, liandikie tarehe na maneno “limepimwa nyumbani”, hadi maabara itakapolithibitisha.