Kuigiza na Kuimba kwa Sauti Moja: Mwongozo kwa Binti Anayeanzia Kisumu au Nakuru

Mabinti wanaotaka kuishi kwa kuigiza na kuimba huniuliza swali lilelile: nihamie Nairobi lini? Huwajibu kwamba wasubiri hadi sauti ikomae, kwa sababu runinga haimfundishi mtu kuitumia sauti yake. Humpokea akiwa ameshajifunza kwingine. Kwingine huko ni jukwaani, na majukwaa hayako Nairobi peke yake. Mwongozo huu nauandika nikiwa Kisumu, baada ya miaka mingi ya kuzunguka na vikundi vya maigizo kati ya Busia na Nakuru, na baada ya kusimama mbele ya kamera mara za kutosha kunionyesha kwamba kuigiza na kuimba hutoka katika sauti moja, ambayo mwenyewe hana budi kuipima upya kila anapobadilisha mahali.

Ukiwa bado shuleni, ingia katika tamasha za maigizo na za muziki. Tamasha za maigizo za shule na vyuo zimekuwapo nchini Kenya tangu mwaka 1959, nazo hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda na hatimaye taifa, kwa hiyo msichana wa Mumias au wa Njoro anaweza kusimama mbele ya waamuzi mara nne kwa kazi ileile, akikosolewa kila mara na kurudi mazoezini. Wengi hukimbilia mchezo wenye wahusika wengi. Mimi humshauri anayependa kuimba achague masimulizi ya mtu mmoja, maana humo ndimo fani zote mbili hukutana: msimulizi huwa nyanya, fisi na mtoto kwa zamu, hubuni wimbo mfupi wa kurudiwarudiwa, kisha huifanya hadhira iitikie. Pumzi ikimwishia njiani, hana mwenzake wa kumfichia, na hilo humfunza upesi kuliko maneno ya mwalimu.

Baada ya shule, tafuta kikundi chenye ratiba ya mazoezi, si chenye jina tu. Nakuru kuna ukumbi wa Nakuru Players, na Kisumu kuna kituo cha kijamii cha Mama Grace Onyango. Chuo Kikuu cha Maseno hufundisha muziki na sanaa za maonyesho, na Chuo Kikuu cha Kabarak, karibu na Nakuru, hufundisha muziki. Asiye na karo aende katika kwaya ya kanisa inayosoma solfa, yaani noti za do, re, mi, na yenye mwalimu asiyekubali sauti ya nne iimbwe kwa kubahatisha.

Kazi ya kwanza ya malipo kwa wengi wetu ni vitabu teule. Vikundi huzunguka shule za upili vikiigiza tamthilia na riwaya ambazo watahiniwa wa KCSE wanazisoma, mara nyingine maonyesho mawili au matatu kwa siku katika shule tofauti. Malipo ni madogo na safari ni ndefu, lakini sijaona shule nyingine inayomkomaza mwigizaji kwa kasi hiyo. Nakumbuka bwalo la shule moja ya wavulana huko Siaya, bila kipaza sauti, chini ya paa la mabati. Katikati ya onyesho la pili mvua ilianza kupiga. Nilipaza sauti kwa nguvu zangu zote, koo likakwaruza kabla ya mchezo kwisha, na kesho yake huko Bondo nilikuwa sina sauti hata ya kuombea chai. Mama mmoja tuliyekuwa naye, mwigizaji wa siku nyingi, alifanya tofauti: alisogea hatua tatu mbele, akaishusha sauti hadi kifuani, akairefusha irabu ya kila neno la mwisho, na mazungumzo yake yakakaribia kuwa wimbo. Wavulana waliokuwa wakinong'onezana waliinama mbele ili wasikose neno. Tangu siku hiyo nimefundisha kwamba kuimba ni msaada wa kuigiza hata pale ambapo hapana wimbo.

Mazoezi yenyewe ni rahisi kuyaeleza na magumu kuyadumisha. Weka kiganja chini ya mbavu, vuta pumzi kwa pua huku mbavu zikipanuka na mabega yakitulia, kisha uitoe kwa sauti ya "sss" iliyo sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anza na sekunde 15 na uongeze kidogokidogo. Baada ya hapo imba "mmm" kwa midomo iliyofungwa, ukipanda na kushuka noti tano, kabla ya kuimba neno lolote. Kariri ubeti wa shairi kana kwamba unamwambia mtu aliyeketi kando yako, kisha mtu wa safu ya kumi, kisha aliye mlangoni, bila kubadilisha hisia zake. Ukigundua kwamba maneno ya upole yamegeuka kuwa hasira kwa sababu tu msikilizaji yuko mbali, rudi mwanzo. Kunywa maji siku nzima, si dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Sauti ikichoka, nyamaza kabisa, kwa kuwa kunong'ona nako huichosha. Ukwaruzo ukizidi wiki tatu, mwone daktari wa masikio, pua na koo.

Jambo jingine lisiloepukika ni matamshi, na nalisema bila nia ya kumwaibisha mtu. Dholuo haina sauti ya "sh", ndiyo maana baadhi yetu tukisema "shamba" husikika "samba". Kwa baadhi ya wenzetu Waluhya, "b" huwa "p" na "d" huwa "t". Jirekodi kwa simu ukisoma ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili kila asubuhi, usikilize, urudie maneno uliyoyakosea. Hata hivyo, usiitupe lafudhi ya kwenu. Mwigizaji anayeweza kuzungumza Kiswahili sanifu, kisha akarudi katika Kiswahili cha soko la Kibuye kila anapotakiwa, ana nafasi nyingi zaidi kuliko mwenye lafudhi moja. Vivyo hivyo kwa nyimbo. Mwimbaji Suzanna Owiyo alijulikana kote nchini kwa wimbo wa kuadhimisha miaka 100 ya mji wa Kisumu mwaka 2001, naye hakulazimika kuiacha Dholuo. Jifunze nyimbo za nyanya zako pamoja na mapigo yake, na ujue wenyewe huziimba wakati gani. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ina mahali pake na adabu zake, na msanii anayeichukua bila kuuliza hujifungia milango nyumbani kwao.

Sasa tuje kwenye runinga. Siku yangu ya kwanza mwelekezi alinisimamisha mara sita kwa neno moja: punguza. Nilikuwa nazungumza na mlango wa bwalo, na kipaza sauti kilikuwa kimebanwa kwenye blauzi yangu. Mbele ya kamera, nyusi ikipanda imeshasema. Pumzi uliyozoea kuificha jukwaani husikika yote. Matukio hupigwa picha bila kufuata mpangilio wa hadithi, kwa hiyo unaweza kulia kifo cha mumeo asubuhi na kuolewa naye mchana. Weka daftari, na kwa kila tukio uandike umetoka wapi, unataka nini, umevaa nini, na kikombe kilikuwa mkono gani. Kikombe hicho si jambo dogo. Ukikinyanyua kwa mkono wa kushoto katika pigo la kwanza, yaani tukio linapopigwa picha mara ya kwanza, na wa kulia katika la pili, mhariri hataweza kuyaunganisha, na pigo lako zuri kuliko yote litaachwa.

Tukio la kuimba lina hila yake. Mara nyingi wimbo hurekodiwa kwanza studioni, kisha siku ya kupiga picha huchezwa nawe ukaufuatisha. Wengi huchezesha midomo tu, na mtazamaji hutambua mara moja, kwa sababu shingo imelala na mbavu hazisogei. Uimbe kwa sauti halisi, hata kama haitatumika, na uvute pumzi palepale ulipoivuta studioni.

Siku hizi usaili wa kwanza huwa ni video, na hapo binti wa Kisumu yuko sawa na wa Nairobi. Simama ukielekea dirisha ili mwanga ukuangukie usoni, isimamishe simu kwa upana juu ya rundo la vitabu lililofika kimo cha macho, zima redio ya jirani kwa kumwomba vizuri, sema jina lako, kimo, mji unaoishi na lugha unazozijua. Ukiombwa kuimba, imba ubeti mmoja bila ala, katika kimo cha sauti kinachokufaa, si kile cha mwimbaji unayempenda. Mtu akikudai ada ya usajili ili usailiwe, ondoka. Nililipa ada hiyo nikiwa na miaka 20, kwa watu walionionyesha ofisi na kalamu zenye nembo, na sikuwaona tena. Usaili wa chumba cha hoteli usiuendee, na hata ule wa ukumbini nenda na dada yako au rafiki.

Mkataba usome ukiwa umeketi nyumbani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa wimbo maishani mwake na miaka 50 baada ya kufa, na inatambua pia haki za anayetumbuiza. Ukitunga wimbo na kipindi kikautaka, usajili kwanza kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kisha mkataba ueleze kama unauuza au unatoa ruhusa ya matumizi, na kama malipo yanahusu marudio na intaneti. Viko pia vyama vinavyowakusanyia wasanii mirabaha: MCSK ni ya watunzi na wachapishaji wa muziki. PRISK ni ya wanaotumbuiza, waimbaji na waigizaji pamoja. Kabla ya kujiunga, uliza bodi kama chama kina leseni ya mwaka huo. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 350 kwa barabara, kwa hiyo nauli na malazi yaandikwe, yasiachiwe ahadi ya simu. Kifungu cha kukuzuia kufanya kazi nyingine kipunguze hadi vipindi vya runinga vinavyoshindana, ili kisije kikakuzuia kupanda jukwaani au kuimba harusini.

Nasisitiza hilo kwa sababu wanaodumu huvuka huku na huku. Patricia Kihoro alitambulika kupitia mashindano ya uimbaji ya Tusker Project Fame mwaka 2010, kisha akaigiza, akaimba na kutangaza redioni. Lupita Nyong'o, ambaye asili ya familia yake ni Kisumu, aliigiza jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14, akaonekana katika tamthilia ya runinga ya Shuga, akapata Oscar mwaka 2014, na mwaka 2016 alikuwa jukwaani Broadway.

Ukirudi jukwaani baada ya miezi ya kamera, jipe wiki mbili. Sauti itakuwa imekuwa ndogo bila wewe kujua. Omba ukumbi mtupu, mweke mwenzako safu ya nyuma kabisa, umsomee mchezo wote na kumwimbia kila wimbo, naye ainue mkono kila neno linapompotea. Siku ya kwanza mkono wake hautashuka. Endeleeni kila jioni mpaka amalize mchezo mzima akiwa ameufumbata magotini.