Jinsi ya kupima jimbo linalotaka kujitenga: anza na bomba

Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Mombasa, na mingi huenda Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, kupitia Malaba, Kampala na Nimule. Vijana wa ofisini kwetu hupenda kuuliza, kila jimbo fulani linapodai uhuru: je, litasimama? Huwa nawaambia wapime hivi.

Bendera iache kwanza. Tafuta kinacholeta fedha, kisha uifuate njia yake mpaka baharini. Chukua mfano wa Sudan Kusini: Januari 2011 watu wake walipiga kura ya maoni, karibu asilimia 99 wakataka kujitenga, na Julai 9 nchi ikazaliwa. Ilichukua takriban robo tatu ya mafuta ya Sudan. Bomba, hata hivyo, linapita kaskazini hadi Port Sudan. Pande mbili zikagombania ada ya kupitisha mafuta, Juba ikalalamika kwamba yanaibwa, na Januari 2012 ikafunga visima vyake yenyewe, ilhali karibu mapato yote ya serikali yalitoka humo. Zaidi ya mwaka ukapita kabla mafuta hayajatoka tena. Mwaka 2024 bomba likaharibika katikati ya vita vya Sudan, na watumishi wa umma Juba wakakaa miezi bila mishahara. Kwa hiyo uliza: ada ya kupitisha bidhaa imeandikwa kwenye mkataba kabla ya kuachana, au imeachwa ijadiliwe baadaye? Ikiwa ni baadaye, tarajia ugomvi.

Mpaka nao usome kipande kwa kipande. Watu wa Abyei, eneo la mpakani linalogombaniwa na pande zote mbili, waliahidiwa kura yao ya kuchagua upande siku zile zile za Januari 2011, haikufanyika. Aprili 2012 majeshi ya nchi hizo mbili yakapigania Heglig, mahali pa mpakani penye visima vya mafuta.

Halafu siasa, na hapa usiharakishe. Waorodheshe viongozi, majeshi yao na kinachowaunganisha, kisha mfute adui wao wa pamoja. Kimebaki nini? Julai 2013 Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini alimfukuza makamu wake, Riek Machar. Desemba vita vikalipuka, na mamia ya maelfu wakakimbilia Uganda. Sisemi walikosea kuondoka. Watu waliopigwa mabomu miaka na miaka wana haki ya kujiamulia, na furaha yao ya Julai ile ilikuwa ya haki. Ndiyo maana inaniuma kwamba maswali haya hayakumalizwa mapema.

Usimsahau anayeachwa: Khartoum, yaani serikali ya Sudan, ilipoteza mafuta hayo, bei zikapanda, na Septemba 2013 watu wakaandamana ruzuku ya mafuta ilipopunguzwa.

Mwisho, sarafu. Angalia benki kuu mpya ina akiba gani ya fedha za kigeni. Desemba 2015 Juba iliiachia pauni yake ifuate soko: dola iliyokuwa chini ya pauni 3 ikapita 18 mara moja. Mfanyabiashara anayepeleka mzigo kwenye nchi changa kama hiyo aandike ankara kwa dola, na lori lisiondoke Mombasa kabla sehemu kubwa ya malipo haijaingia.