Somo: Kuwasha hanukia hadharani bila kuumbuka

Kila Novemba ujumbe ni ule ule: tuiwasheje uwanjani hanukia, kinara cha mishumaa cha Hanuka? Kwa hiyo naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakutumia uzi huu. (Na ni Hanuka, sikukuu ya Wayahudi ya siku nane, si "chanuka" ya mtaani.)

1. Kibali cha uwanja: omba mapema.
2. Hanukia: vishikio vinane vya kimo kimoja, na cha tisa, cha shamashi (mshumaa wa kuwashia mingine), kijitenge. Isipite dhiraa 20, kama mita 9, maana jicho la mpita njia halifiki huko.
3. Panga mishumaa kuanzia kulia. Washa kuanzia kushoto, mpya kwanza.
4. Baraka kabla ya moto: usiku wa kwanza tatu, mwingine wote mbili.
5. Upepo: taa za mafuta ndani ya vioo vya chemli.
6. Ijumaa. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilitangaza saa kumi na mbili jioni kila siku, Ijumaa ikiwemo. Watu wamejaa, watoto ndani ya makoti, nimeshika kiberiti, rabi akanidaka mkono: "Sabato imeshaingia." Sabato huingia Ijumaa jua likizama, na ndani yake hatuwashi moto. Hapa New York mwanzoni mwa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na nusu! Tuliimba mbele ya hanukia yenye giza. Kwa hiyo Ijumaa washa Hanuka kwanza, ndipo mishumaa ya Sabato, yote kabla jua halijazama. Jaza mafuta mengi: moto ufike nusu saa baada ya nyota kutoka, na vimishumaa vya dukani havifiki. Jumamosi subiri Sabato itoke. Mwaka 2026 usiku wa kwanza ni Ijumaa 4 Desemba, na wa nane ni Ijumaa 11. Usiseme sikukuambia.

MASWALI

Kahawa Chungu: Si Krismasi ya Wayahudi tu hii?
— Soma Yohana 10:22, Sikukuu ya Kutabaruku. Yesu aliikuta.

Mgeni2: Ijumaa tuwashe saa ngapi?
— Hatua ya 6. Rudi.

Binti Tanga: Dada, kwa nini nje? Na kwa nini mwanga wenyewe hauruhusiwi hata kusomea?
— Umeuliza vizuri, mdogo wangu. Mwaka 164 KK Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walilitabaruku upya Hekalu la Yerusalemu alilolinajisi mfalme Antioko wa Nne. Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi, yasimulia kichupa cha mafuta ya siku moja kilichowaka siku nane. Mishumaa kazi yake ni kuutangaza muujiza huo, ndiyo maana huwekwa mlangoni, upande wa njia. Penye hatari, mezani ndani yatosha. Ukiisomea, imekuwa taa tu. Wa kumulika ni shamashi. Shule ya mwalimu wa kale Shamai ilitaka tuanze na minane tukipunguza, ya mwenzake Hileli tuanze na mmoja tukiongeza. Tunamfuata Hileli. Usiku wa kwanza, mwali mmoja mbele ya mabasi na mabango ya umeme, unaona haya kidogo. Kesho yake unarudi na miwili.

Binti Tanga: Nikiwasha uwanjani, nyumbani niache?
— Usiache. Wa uwanjani haukutoshi.

Jiko la Nje: Chapati zangu za viazi za Hanuka zinalegea mafutani.
— Kamua viazi kwa kitambaa mpaka mikono iume. Wanga ulioganda chini ya bakuli urudishe.

Jiko la Nje: Kumbe! Nilikuwa naumwaga.