Kufundisha Ufupisho: Mwanafunzi Asome Kwanza, Maneno Ahesabu Baadaye

Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ufupisho una alama 15 kati ya 80. Ukigawa saa mbili na nusu za mtihani kwa alama, sehemu hiyo inastahili kama dakika 28. Swali hutaja idadi ya maneno, huacha nafasi ya matayarisho na nafasi ya nakala safi, kisha hutenga alama ya mtiririko. Kwa kuwa idadi ya maneno imeandikwa waziwazi pale, walimu wengi huanzia hapo: "Fupisheni kwa maneno 50." Mwanafunzi naye huchukua sentensi ya kwanza, akaipunguza kidogo, akahamia ya pili, akaipunguza, hivyo hivyo mpaka maneno yamekwisha na kifungu hakijafika katikati.

Hilo ndilo kosa kubwa, na linatokana na jinsi tulivyofundisha. Ufupisho huamuliwa wakati wa kusoma. Asiyejua kifungu kimesema nini hawezi kukifupisha hata ukimpa maneno mia. Kwa hiyo, katika masomo matatu ya kwanza usitaje idadi ya maneno kabisa.

Anza kwa mdomo

Somo la kwanza lisiwe na kalamu. Soma kwa sauti habari ya maneno kama 150, uisome mara mbili, kisha wape hali halisi: mama yuko sokoni Kongowea, simu yake inakaribia kuzima, na habari hii inamhusu. Utamwambia nini kabla simu haijazima? Kila mmoja amwambie jirani yake kwa sentensi mbili. Halafu jirani asimame aseme alichoambiwa. Darasa lenyewe litasikia ni nani aliyeacha jambo la msingi na ni nani aliyejaza maneno bila habari.

Hapa usimkatize mtu kumsahihisha lugha. Akisema "nambie" badala ya "niambie", au akachanganya na Sheng, mwache amalize. Kinachopimwa ni uchaguzi wa hoja. Kiswahili sanifu kitadaiwa kwenye karatasi, na kitadaiwa kwa ukali wake. Ukivichanganya viwili hivi siku ya kwanza, wenye aibu ya lugha watanyamaza, nawe hutajua kama walikielewa kifungu.

Kifungu cha mfano

Kwa somo la pili andika ubaoni, au toa nakala, kifungu kama hiki. Kina maneno 126, na sentensi zimepewa nambari ili mzungumze kwa urahisi.

(1) Katika mkono wa bahari wa Tudor, maji yanapokupwa, mizizi ya mikoko huchomoza topeni mithili ya vidole. (2) Mizizi hiyo hupunguza nguvu ya mawimbi, hivyo ufuo hauliwi na maji. (3) Pia ni maficho ya samaki wachanga, kamba na kaa, ambao hukulia humo kabla ya kwenda bahari kuu. (4) Mvuvi yeyote wa Pwani atakwambia kwamba mikoko ikipungua, samaki nao hupungua. (5) Licha ya faida hizo, mikoko imekatwa kwa miaka mingi ili kupata boriti za kujengea na kuni. (6) Majitaka na mafuta yanayomwagika nayo huziba mizizi yake ya kupumulia, mti ukakauka. (7) Siku hizi jamii kadhaa hupanda miche upya; huko Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu wao, na fedha hizo husaidia shule na miradi ya maji. (8) Hata hivyo, miche iliyopandwa mahali palipo na maji mengi mno au machache mno hufa.

Wanafunzi wasome mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili waweke herufi moja pembeni mwa kila sentensi: H kwa hoja, M kwa mfano, R kwa rudio, P kwa pambo. Kazi hii ichukue dakika kumi, wawiliwawili, na wasiafikiane upesi. Herufi ni chache kwa makusudi, maana ukiwapa alama nane watashughulika na alama badala ya maana.

Sentensi ya 1 ni P, wala haina ubishi: inavuta macho tu. Ya 2, 3, 5, 6 na 8 ni H. Penye faida ya kweli ni sentensi ya 4 na ya 7, na hapo ndipo utumie muda wako.

Sentensi ya 4 wengi wataiwekea R. Watasema, "Samaki tayari wametajwa kwenye ya 3." Waulize: sentensi ya 3 imesema samaki hufanya nini? Hukulia humo. Je, imesema uvuvi unategemea mikoko? Haijasema. Ya 4 basi inatoa matokeo ya ya 3, ingawa imevaa sauti ya mvuvi. Haihitaji sentensi yake peke yake katika ufupisho. Inatosha kuiambatanisha na ya 3 kwa neno "hivyo". Mwanafunzi akishaona sentensi moja inavyoweza kuingizwa ndani ya nyingine bila kupotea, amepata ujuzi ambao hakuna orodha ya kanuni itakayompa.

Sentensi ya 7 ina hatari ya kinyume. Gazi ni mfano, na mifano tunaiacha. Basi mwanafunzi mtiifu ataifuta yote. Lakini ndani ya mfano huo kuna jambo ambalo halikusemwa pengine: kuhifadhi mikoko kunaweza kuleta malipo. Jina la mahali, shule na miradi ya maji viondoke, malipo yabaki. Kanuni ya "acha mifano" ni nzuri, ila kabla ya kuutupa mfano mwanafunzi ajiulize kama umebeba hoja ambayo haimo mahali pengine popote.

Funga kitabu, ndipo uandike

Somo la tatu ndilo gumu kwa wanafunzi, na ndilo lenye tija zaidi. Wasome kifungu, waandike hoja kwa maneno mawili matatu kila moja kwenye sehemu ya matayarisho (kwa mfano: "kinga ya mawimbi", "malezi ya samaki", "ukataji"), kisha wageuze karatasi ya kifungu. Waandike aya kwa kutazama orodha yao pekee.

Usimruhusu mtu kufungua kuchungulia maneno. Akichungulia, mkono utanakili. Akikwama kabisa, afungue, asome, afunge tena, ndipo aandike. Darasani kuna wanafunzi wenye hifadhi kali, wanaokariri aya nzima kwa kuisoma mara mbili. Kwao kufunga kitabu hakutoshi. Waongeleshe darasa jambo jingine kwa dakika mbili, au wape hesabu ya harakaharaka, kabla ya kuanza kuandika. Maneno ya mwandishi yatakuwa yamefifia na maana itakuwa imebaki.

Wakishaandika, wafungue na kulinganisha. Hoja iliyosahaulika iongezwe. Maneno matatu au manne yaliyofuatana sawasawa na ya kifungu yapigiwe mstari na kuandikwa upya, isipokuwa majina ya vitu. Mikoko ibaki mikoko. Mwanafunzi anayeiita "miti ya baharini" ameongeza neno, amepunguza usahihi, na hakupata kitu.

Hapa onya kuhusu visawe. Kifungu kimesema mizizi "hupunguza" nguvu ya mawimbi. Atakayeandika kwamba mizizi "huzuia mawimbi kabisa" amebadilisha habari. Hali kadhalika maneno madogo kama baadhi, kadhaa, huenda na mara nyingi: ndiyo ya kwanza kukatwa kwa sababu yanaonekana hayana kazi, na yakiondoka, "jamii kadhaa" huwa jamii zote.

Sasa idadi ya maneno

Somo la nne ndipo useme: maneno 40. Theluthi ya kifungu ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ukidai robo mapema, wanafunzi huanza kuacha viunganishi ili waokoe nafasi na aya inavunjika.

Wafundishe kuhesabu kwa namna moja. Kila neno lililoandikwa peke yake ni moja: "na" ni neno, "ya" ni neno, "hata hivyo" ni maneno mawili. Waandike jumla mwishoni mwa rasimu. Anayezidisha kiwango mtihanini hukatwa alama, na hoja aliyoiweka mwisho ndiyo iliyo hatarini.

Kupunguza kwenyewe Kiswahili kimekurahisishia, kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba mengi. Andika jozi hizi ubaoni na uache darasa lihesabu:

"Mama alipika wali kwa ajili ya wageni" ni maneno saba. "Mama aliwapikia wageni wali" ni manne.

"Watu ambao wanaishi katika kisiwa" ni matano. "Watu wanaoishi kisiwani" ni matatu.

"Changu, tafi na kolekole" ni manne. "Samaki" ni moja.

Kauli ya kutendea, kirejeshi ndani ya kitenzi, kiambishi -ni cha mahali, na jina la jumla: hizo nne zinatosha kwa muhula mzima. Angalia tu upatanisho. Anayezoea "ambao" akihamia kirejeshi huandika "watu wanayoishi", akapoteza kwa sarufi alichokipata kwa ufupi. Kauli ya kutendwa nayo ni ya kutumia kwa uangalifu. "Vibanda vilibomolewa" ni fupi, lakini kama kifungu kilikuwa kinamzungumzia aliyebomoa, umemfuta mhusika mkuu.

Mwanafunzi aliyepunguza sentensi kwa sentensi ataleta kitu kama hiki: "Mizizi huchomoza topeni. Hupunguza nguvu ya mawimbi. Ni maficho ya samaki, kamba na kaa. Mikoko imekatwa kupata boriti na kuni. Majitaka na mafuta huziba mizizi. Huko Gazi wanakijiji hulipwa." Hakuna uongo humo, na bado ni kazi dhaifu. Pambo limechukua nafasi ya kwanza. Samaki wameorodheshwa. Faida na madhara yamewekwa bega kwa bega bila neno la kuonyesha kwamba yanapingana. Gazi imetokea ghafla, na onyo la sentensi ya 8 halimo.

Jibu la maneno 40 lililo kamili linaweza kuwa hivi:

Mikoko hulinda ufuo dhidi ya mawimbi na kulea viumbe wachanga wa baharini, hivyo kuendeleza uvuvi. Hata hivyo, huangamizwa na ukataji pamoja na uchafu unaoziba mizizi. Jamii kadhaa zinaipanda upya na hata kulipwa kwa kuihifadhi, lakini miche hufa isipopandwa mahali panapofaa.

Waonyeshe kazi ya "hivyo", "hata hivyo" na "lakini". Maneno hayo ndiyo yanayoleta alama ya mtiririko. Mwanafunzi anayeyakata ili aongeze hoja hubaki na orodha ya sentensi zisizoshikana. Waonyeshe pia kisichokuwemo: hakuna "mwandishi anasema", hakuna "ni jukumu letu sote kutunza mikoko". Sentensi ya mwisho ya namna hiyo hujitokeza sana, kwa sababu kwenye insha tumewazoesha kumalizia kwa wito. Kwenye ufupisho ni maoni yao, hayamo kwenye kifungu, nayo hayana alama.

Kusahihisha darasa kubwa

Madaftari 60 kwa wiki hayasomeki vizuri yote. Badilishana na mwalimu wa mkondo mwingine: mwanafunzi wa huko, ambaye hajakiona kifungu, asome ufupisho na ajibu maswali matatu uliyoyatunga. Kwa kifungu chetu: mikoko ina faida gani? Inakufa kwa nini? Kwa nini upandaji mwingine hushindwa? Akishindwa kujibu moja, aandike swali hilo chini na kulirudisha daftari. Mwandishi ataona mwenyewe palipotoboka. Wewe sahihisha madaftari 15 kwa kina kila wiki, kwa zamu: alama moja kwa kila hoja, moja kwa mtiririko. Kifungu hiki kina hoja sita (kinga ya ufuo, malezi ya viumbe, ukataji, uchafu, upandaji na malipo, vifo vya miche), hivyo ni alama saba.

Vifungu vya mazoezi vitoe kwenye makala za gazeti la Taifa Leo na vitabu vya masomo mengine. Kifungu cha Jiografia au Biashara humwonyesha mwanafunzi kwamba ujuzi huu si wa somo la Kiswahili tu. Anza na maelezo, kisha makala yenye mabishano ya pande mbili, hadithi ziwe za mwisho, kwa kuwa katika hadithi ni vigumu kutenganisha tukio na pambo lake. Epuka mapishi na maelekezo ya matumizi ya dawa: kila mstari humo ni wa lazima, na mwanafunzi atahangaika kukata kisichokatika. Pia soma kifungu chenyewe kabla ya kukitoa na uandike ufupisho wako kwa idadi ileile unayodai. Ukiona hoja zote haziingii katika maneno 40, ongeza kiwango kabla hujaingia darasani.