Mafia: kokotoa nafasi ya raia kabla hamjagawa karata

Mpwa wangu huendesha mchezo wa Mafia kila Jumamosi jioni na wenzake wa mtaani. Juzi alinijia: "Mjomba, walikuwa 7, nikaongeza raia mmoja wapate nguvu. Ndiyo kwanza wanazidi kushindwa!" Tukakaa na daftari hadi usiku.

Hatua ya 1: Kanuni. Karata za siri humteua mafia mmoja, wengine wote ni raia, nao hawamjui. Mchana wote hupiga kura, mmoja anatoka. Usiku mafia anaua raia mmoja. Mafia akitolewa, raia wameshinda. Akibaki na raia mmoja tu, kashinda yeye. Kura ipigwe kwa kunyoosha vidole kwa mpigo mmoja. Mkipiga kwa zamu, wa mwisho huwafuata wa mwanzo.

Hatua ya 2: Anza na watu 3, mafia akiwemo. Tuseme raia hawajui lolote, wanabahatisha. Nafasi yao ni 1/3.

Hatua ya 3: Panda wawili wawili. Kila mchana na usiku huondoa watu wawili, kwa hiyo 5 hurudi kwenye 3. Kumpata leo ni 1/5. Kumkosa ni 4/5, halafu inabaki ile 1/3. Jumla: 1/5 + 4/5 × 1/3 = 7/15. Watu 7 hupata 19/35, kama asilimia 54. Tumia sehemu, achana na kikokotoo: desimali huficha mpangilio.

Hatua ya 4: Shufwa. Hapa ndipo tulipokwama saa nzima. Watu 4: kumpata ni 1/4. Wakimkosa wanabaki 3, usiku unachukua mmoja, wanabaki 2, mchezo umekwisha. Kwa hiyo watu 4 wako pabaya kuliko 3! Endelea: 6 wana 3/8, na 8 wana 29/64, kama asilimia 45. Yule raia aliyeongezwa aliwashusha wenzake kutoka 54 hadi 45.

Dawa ipo, nami naipenda mno: wakiwa shufwa, raia wakubaliane wasimtoe mtu siku ya kwanza. Usiku utachukua mmoja, 8 watakuwa 7, na asilimia 54 inarudi. Wakiwa witiri wasifanye hivyo kamwe, maana watajitumbukiza wenyewe kwenye shufwa.

Angalia pia mchezo unaanza lini. Hesabu zote hizi zinaanzia mchana. Mkianza usiku, hesabu watakaoamka: waliokaa 8 huamka 7, hao wako salama, waliokaa 7 huamka 6. Mpwa wangu alikuwa akianza mchana, mimi nikikokotoa kama aliyeanza usiku, na ndiyo maana majibu yetu yaligongana muda wote ule.

Hatua ya 5: Mafia wawili. Njia ni ileile, ila kila kura ina matawi mawili, na raia hushinda mafia wote wawili wakitoka. Watu 5 hupata 2/15. Watu 7: wakimpata mmoja (2/7) wanaangukia 7/15, wakikosa (5/7) wanaangukia 2/15. Jumla 8/35, kama asilimia 23 tu. Kwa watu 7, basi, sikushauri kabisa uweke mafia wawili.

Jaribu mwenyewe watu 9 wenye mafia wawili. Ukipata 94/315, umepatia.